Jaketi la kuendeshea pikipiki Dar: ngozi, jinzi, neti au koti zito la kugeuza?

Jumamosi nilikuwa soko la mitumba la Karume na mdogo wangu, kanunua pikipiki yake ya kwanza, Boxer iliyotumika lakini injini bado haijaguswa, sasa anatafuta jaketi. Mkono huu kashika la ngozi jeusi lenye zipu ya mshazari, mkono ule jinzi iliyopauka vizuri, na muuzaji hamwachi apumue, "dogo beba ngozi, hili Mjerumani kalivaa mara mbili tu, ukishuka nalo hapo mtaani watakusalimia shikamoo". Mimi nipo pembeni napiga hesabu kimoyomoyo, huyu anakaa Goba, kazi yake Posta, saa saba mchana anatumwa kupeleka makaratasi Temeke, hilo jaketi litamalizia maisha yake kwenye msumari nyuma ya mlango. Tukaondoka mikono mitupu. Usiku nikaanza kumwandikia meseji kumweleza tofauti, ikawa ndefu mpaka nikaona bora nikae niiandike vizuri, maana najua hajakwama peke yake.

Nalinganisha aina nne tu ambazo kwa Dar unaweza kuzipata bila kusumbuka sana: jaketi la ngozi, jaketi la jinzi, jaketi la neti (kitambaa cha matundu) lenye pedi za kukinga viwiko na mabega, na lile koti zito la baridi ambalo bodaboda wanalivaa mbele nyuma. Helmeti siiweki kwenye mashindano kwa sababu hiyo haina mbadala. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa na Cochrane mwaka 2008 ulikuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa kama asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, hakuna jaketi hapa duniani litakalokupa namba hizo. Kwahiyo kama helmeti yako ni ile ya kopo imekatika mkanda, hela ya jaketi ipeleke huko kwanza alafu urudi kusoma.

NIMEYAPIMA KWA VITU GANI

Cha kwanza ni ukianguka. Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Kuna kusuguliwa na lami, na kuna kugongwa. Ukidondoka kwenye spidi ya 50 mwili unaburuzika sekunde mbili tatu hivi kabla haujasimama, na hizo sekunde ndo kitambaa kinatakiwa kidumu. Kugonga ni kitu kingine kabisa, ni kile kiwiko kinachotua kwenye ukingo wa barabara, hapo unene wa kitambaa hausaidii, inasaidia pedi.

Mimi nilianguka Tegeta, lori la mchanga lilikuwa limemwaga kidogo kwenye kona, spidi haizidi 40, nimevaa shati la mikono mirefu la ofisini. Mfupa haukuguswa. Ila kiwiko cha kushoto kilibaki bila ngozi ukubwa wa kiganja na ndani yake kuna vipunje vya mchanga na lami, nesi akaniambia "kaka angalia ukutani, hapa lazima nisugue", akachukua gozi na maji ya chumvi akaanza kusugua kama anaosha sufuria iliyoungua ugali. Kuanguka sikulia, pale nililia. Kovu mpaka leo lina kivuli cha bluu, ni mchanga uliobaki humo.

Cha pili, jua na mvua. Dar siyo Njombe. Februari nyuzi 32, 33 na unyevu juu yake, na foleni ya Mwenge haina upepo. Alafu Machi mpaka Mei masika, Oktoba mpaka Desemba vuli. Jaketi ambalo huwezi kulivumilia mchana utaliacha nyumbani, na likibaki nyumbani halikulindi.

Cha tatu, kuonekana, na kwa bahati nzuri Kiswahili kina neno moja kwa mambo yote mawili, uonekane umependeza na uonekane na dereva wa lori. Mwaka 1981 Marekani ilitoka ripoti ya Harry Hurt na wenzake, walichunguza ajali 900 za pikipiki Los Angeles, na kitu kilichojirudia sana ni gari kukatiza mbele ya pikipiki kwa sababu dereva hakuiona au kaiona kachelewa. Hiyo ni Los Angeles lakini wewe simama Buguruni dakika kumi uniambie kama ni tofauti.

Cha nne, mfuko. Bei nitakazotaja ni nilizolipa au kuambiwa mimi mwenyewe, we utabishana zako.

JAKETI LA NGOZI

Ukianguka. Hapa ngozi ndo mfalme wa msuguano, lakini ngozi ya kuendeshea, siyo kila ngozi. Ya kuendeshea mara nyingi ni ya ng'ombe, unene wa milimita 1.1 mpaka 1.4, na kwenye kipimo cha zamani cha Ulaya, EN 13595, ilibidi sehemu za hatari kama kiwiko na bega zidumu angalau sekunde 4 kwenye mashine ya kusugua ndo ipate daraja la kwanza, na 7 ndo ipate la pili. Yale ya fasheni mengi ni ya kondoo, laini kama shavu la mtoto, ukiyabana kwa vidole viwili unakuta kama unabana kitambaa cha suruali. Hayo yatachanika kwenye mshono hata kabla ngozi yenyewe haijaisha. Pia la mtumba mara nyingi halina pedi, kwahiyo kwa kugonga linakuwa sawa tu na shati zito.

Sasa shida kubwa ya Dar: nusu ya "ngozi" unazoziona zimening'inia siyo ngozi, ni plastiki iliyobandikwa kwenye kitambaa, na kwa unyevu wa huku inaanza kubanduka magamba kolani na kwapani, unatoka kwenye pikipiki na shingo ina vipande vyeusi kama umenyolewa na kinyozi mwanafunzi. Kuitambua siyo kazi. Tafuta sehemu ambayo ukingo haujakunjwa, mfano ndani ya mfuko au chini ya kola, ngozi halisi utaona nyuzinyuzi kama za kamba iliyokatwa, ya uongo utaona tabaka la plastiki juu na kitambaa chini. Dondoshea tone la maji sehemu iliyochoka, halisi inalinywa taratibu na kubadilika rangi. Alafu vuta mshono kwa nguvu kwenye bega, usimwonee aibu muuzaji, jaketi likiwa la siku nyingi uzi unaweza kuwa umeshaoza hata kama ngozi bado nzima, na mshono ukifumuka barabarani hiyo ngozi inakuwa haina kazi.

Jua na mvua. Nitasema ukweli ingawa nalipenda: kuanzia saa nne asubuhi ni adhabu. Ukitembea, kwenye daraja la Tanzanite pale upepo wa bahari unakupiga, unajiona shujaa. Ukisimama kwenye taa unaanza kuiva. Kuna yenye matundu madogo madogo kifuani na mikononi, hiyo afadhali kidogo. Mvua nayo haitaki, ikilowa inakuwa nzito, ukiianika juani inakauka kama bango, na ukiifungia kabatini na unyevu wake baada ya wiki mbili ina ukungu wa kijani. Ianike kivulini, ikikauka ipake mafuta ya ngozi, itundike sehemu inayopita hewa.

Kuonekana. Kwa kupendeza haina mpinzani. Ile ya zipu ya mshazari ilianza New York mwaka 1928, Irving Schott aliitengeneza kwa ajili ya waendesha pikipiki, akaiita Perfecto, na ule mshazari una kazi, ukiinama mbele kushika usukani zipu haikuchomi tumbo wala kidevu. Vile vifungo vya kubana kwenye kola ni ili kola isikupige makofi ukiwa spidi. Ila ni nyeusi, na usiku Mandela Road mtu mweusi tii juu ya pikipiki nyeusi hayupo, malori ya bandarini hayamwoni. Utavaa riflekta juu yake na hapo nusu ya urembo inaisha, ndo hivyo.

Mfuko. La kwangu nililichukua elfu 45 Karume, muuzaji alianzia laki. La dukani lenye pedi ni habari nyingine, utazungumzia malaki.

Linamfaa nani: anayetoka asubuhi sana na kurudi usiku, anayeenda Bagamoyo au Chalinze wikiendi kwa spidi ya barabara kuu, na anayejua kutunza vitu. Halimfai anayezunguka mchana kutwa.

JAKETI LA JINZI

Ukianguka. Hapa ndo watu wanajidanganya sana, kwamba jinzi ni ngumu. Ni ngumu kwa mgodini na shambani, na ndo kazi iliyokusudiwa, zile ribiti za shaba, vile vibanio vya kwenye kona za mifuko, Levi Strauss na fundi cherehani Jacob Davis walizisajili mwaka 1873 ili mifuko ya vibarua isichanike. Pamba kwenye lami ni kitu kingine. Kwenye mashine za kusugua jinzi ya kawaida inatoboka ndani ya sekunde moja hivi, nawe unaburuzika mbili tatu, kwahiyo muda unaobaki unamalizia kwa nyama yako. Hata hivyo ni bora kuliko shati na bora mara kumi kuliko fulana, na haiyeyuki ikachomeka mwilini kama vitambaa vya nailoni. Ukianguka spidi ya foleni, 20 hivi, jinzi nzito inaweza kukutoa mzima.

Kuna jinzi za kuendeshea zenye bitana ya aramidi, zile nyuzi ambazo wengi wanaziita Kevlar, alizozigundua mwanamke mkemia Stephanie Kwolek pale DuPont mwaka 1965. Hizo ni mnyama mwingine, zinafanana kabisa na jinzi ya kawaida kwa nje na zinaruhusu kuwekwa pedi. Kwa Karume utazipata kwa bahati ya mtende tu, nyingi ni za kuagiza.

Ila jinzi ina faida moja ambayo ngozi na neti hazina, fundi yeyote wa mtaani anaimudu. Mimi niliipeleka kwa fundi wangu wa cherehani Sinza, nikamwambia ashone kiraka cha jinzi nyingine nzito ndani ya viwiko na mabega, alafu aache mdomo pembeni kama mfuko wa pedi. Akanitazama. "Kaka unaenda vitani?" Nikamwambia naenda Posta. Alinitoza elfu 12 na ikatoka safi, kwa nje huoni kitu.

Jua na mvua. Inavumilika. Inapumua, ukisimama unatoka jasho la kawaida siyo la kupikwa, ila ikilowa na mvua inakuwa kama umebeba mtu, na haikauki mpaka kesho yake. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, asubuhi joto linaposhuka mpaka kwenye nyuzi 20, hilo ndo jaketi lenyewe.

Kuonekana. Unashuka kwenye pikipiki unaingia ofisini au kwenye mtoko na hakuna anayekuuliza. Ukichagua ya bluu iliyopauka unaonekana kidogo kuliko nyeusi, siyo sana.

Mfuko ni elfu 10 mpaka 15 kwa mtumba nzito, nyepesi zile za kuvutika ziache kabisa, ongeza ya fundi.

Linamfaa nani: safari fupi za mjini, mwanafunzi, mwenye kipato cha kuungaunga, na yule ambaye akiambiwa avae kitu cha kuendeshea anaona aibu kuonekana kama anaenda mashindanoni.

JAKETI LA NETI LENYE PEDI

Hili nitalikalia kidogo maana ndo watu wa Dar wanaliulizia sana sasa hivi na ndo lenye mitego mingi.

Ukianguka. Kwa kugonga ndo bora katika haya manne, kama pedi ni za kweli. Pedi za kweli zina alama, kapicha ka mtu kwenye pikipiki, namba EN 1621-1, herufi inayosema ni ya wapi, S ni bega, E ni kiwiko, K ni goti, alafu 1 au 2 kuonyesha daraja. La 1 linaruhusu kupitisha nguvu ya wastani isiyozidi kilonyutoni 35 kwenye kipimo, la 2 ni 20, kwahiyo 2 ni bora. Vuta pedi nje ya mfuko wake pale pale dukani. Ikiwa ni sponji la godoro lililokatwa, ujue unanunua urembo. Na hata yale ya kweli, kipande cha mgongoni mara nyingi ni sponji tupu lililowekwa kushikilia nafasi, pedi ya mgongo unanunua mwenyewe, ina namba yake, EN 1621-2.

Kwa msuguano inategemea. Siyo neti yote ni sawa. Tangu 2020 Ulaya wana kipimo kipya, EN 17092, kinagawa nguo kwa herufi, AAA ndo juu kabisa, ikifuatiwa na AA, alafu A. Majaketi mengi mepesi ya neti yanaangukia A, yaani yametengenezwa kwa mwendo wa mjini. Angalia ndani kwenye lebo. Zuri linakuwa na neti kifuani na mgongoni tu, kwenye mabega na nje ya mikono wameweka kitambaa kizito kisicho na matundu. Likiwa neti mpaka kwenye kiwiko, weka chini.

Mtego mwingine niliukanyaga mwenyewe. La kwanza nilinunua kubwa, nikijiambia nitavaa na sweta ndani, sweta gani Dar sijui. Dukani nimesimama mikono chini pedi ipo kwenye kiwiko vizuri kabisa. Nikapanda pikipiki, nikanyoosha mikono kushika usukani, mkono wa jaketi ukavutika na pedi ikazunguka ikakaa pembeni, kiwiko kikabaki na neti peke yake. Miezi mitatu naendesha nikijiona nimekamilika. Jaribu ukiwa umekaa kama unaendesha, hata kwenye stuli, alafu mtu akushike pedi aivute kushoto kulia, ikitembea halikufai au likazwe kwa ile mikanda ya mikononi.

Jua na mvua. Ukitembea ni raha, upepo unapita mpaka unasahau umevaa. Kwenye foleni halina maajabu, pedi zinashika joto kama mto wa kulalia, ila ukiondoka tu jasho linakauka. Mvua inapita yote. Mengine yanakuja na bitana ya kuzuia maji unayoizipu ndani, kwa Dar ukiizipu hiyo unalowa kwa jasho badala ya mvua, bora ubebe koti la mvua jepesi ulivae juu. Au ujifiche chini ya daraja la Ubungo na wenzako kama kawaida.

Kuonekana. Yapo ya kijivu na ya rangi kali, mengi yana mistari ya riflekta tayari. Kwa mtoko ndo tatizo, mabega yanainuka kama mchezaji wa raga, ukiingia nalo kwenye harusi Mlimani watu watauliza kama unaleta pizza. Ofisini unalivua mlangoni unabaki na shati lako, na kwa sababu linapitisha hewa shati linakuwa halijaharibika sana. Hiyo kwangu ni pointi kubwa kuliko mabega.

Mfuko. Langu la sasa laki mbili na ushee, jipya. Linauma. Mtumba yapo lakini kagua kama limeshaanguka, tafuta sehemu iliyong'aa au kuyeyuka mikononi.

Linamfaa nani: anayeendesha kila siku na mchana, safari ndefu za mjini kama Bunju mpaka Posta au Mbagala mpaka Mwenge, msambazaji wa mizigo, na mtu aliyeshawahi kuanguka, huyo huhitaji kumshawishi.

KOTI ZITO LA KUGEUZA

Msilicheke. Kijana wa kijiweni anayeendesha saa kumi na nne kwa siku hajalichagua kwa ujinga. Anavaa mbele nyuma kwa sababu zipu ndo inapopitia upepo, ukigeuza kifua kinakuwa ukuta mzima, vumbi haliingii, manyunyu hayaingii, na akipata abiria saa tisa usiku halimsumbui baridi. Wengi watakwambia pia linazuia nimonia. Nimonia ni vijidudu siyo upepo, ila kama kifua chako kinakohoa ukipigwa na upepo wa usiku siwezi kubishana na kifua chako.

Ukianguka. Ule unene unadanganya. Pamba ya ndani inapunguza kidogo mshtuko, sawa, lakini kitambaa cha nje ni poliesta nyembamba, kinachanika mara moja, na poliesta ikisuguliwa inapata moto inayeyuka, daktari anakuwa na kazi ya kutoa plastiki kwenye kidonda. Mgongo ndo uko wazi, hasa ukiacha zipu nusu kama wengi wanavyofanya. Na mabega yakigeuzwa yanabana, ukitaka kugeuka kuangalia nyuma mkono unavutwa. Kama unalivaa, angalau uwe unaweza kugeuza shingo na mabega bila kupigana nalo.

Jua: mchana ni oveni, jamaa wameshazoea, wewe usijaribu kuiga. Mvua ndogo linavumilia.

Kuonekana. Kwa kupendeza hakuna cha kusema. Ila juu yake ndo inakaa ile kizibao cha riflekta, na kuhusu hiyo nina neno. Ile rangi ya kijani ya limao au chungwa kali inafanya kazi mchana, inakamata mwanga wa jua ambao macho hayauoni na kuurudisha kwa rangi. Usiku hiyo rangi haina nguvu, kinachofanya kazi ni ile mistari ya kijivu inayorudisha mwanga wa taa kule kule ulikotoka. Ukiifua kwa jiki na brashi mwaka mzima ile mistari inakufa na unabaki na kizibao cha rangi. Kipime usiku, kitundike ukutani, rudi hatua ishirini, washa tochi ya simu karibu na jicho. Kikiwaka kama macho ya paka bado kizima.

Mfuko: elfu 5 mpaka 10, limeshinda wote.

Linamfaa nani: wa usiku na alfajiri, wa mwendo mdogo, wa mikoani kwenye baridi. Na ukiwa nalo tayari na hela hamna, fundi anaweza kuliwekea mifuko ya pedi viwikoni, siyo sawa na neti ila siyo sawa na bure.

KWAHIYO UCHUKUE LIPI

Unaenda kazini na kurudi, mchana hutoki: jinzi iliyotiwa pedi au ngozi, chagua kwa saa unayotoka nyumbani. Ukitoka saa kumi na moja na nusu ukarudi saa mbili usiku hata ngozi utaimudu, ila riflekta iwe juu ya jaketi, siyo ndani ya begi. Kama begi la mgongoni linafunika riflekta, shona kipande kwenye begi lenyewe.

Upo barabarani kutwa: neti, sioni pa kuzunguka. Kama laki mbili hazipo, anza na jinzi nzito alafu weka elfu kumi kila wiki.

Wikiendi unapenda kutoka nje ya mji: ngozi nene yenye pedi, kule spidi ni 80 na siyo 30. Mchana wa Februari utaumia, toka mapema.

Una mtoko jioni, unataka ushuke kwenye pikipiki watu wageuke: ngozi kama halisi, vinginevyo jinzi. Mwenzio wa nyuma pia anahesabika. Kama amevaa dera au baibui, pindo likusanywe likaliwe kabla hujaondoka, nimeona dera likiingia kwenye mnyororo pale Manzese na yule dada alivutwa chini pikipiki ikiwa karibu kusimama. Na apandie kushoto, egzosi kwa pikipiki nyingi iko kulia, alama ya egzosi kwenye mguu wa ndani haifutiki kwa losheni yoyote.

Unaendesha bodaboda usiku: koti lako baki nalo, badilisha kizibao, ongeza pedi za viwiko, acha ndala. Hela ikibaki yoyote, kwenye jaketi lolote kati ya haya, nunua glovu, mtu akianguka mikono ndo inatangulia kabla hajafikiria.

Mdogo wangu baada ya kusoma haya yote kanijibu "sawa bro, ila ile ngozi ilikuwa kali". Tumekubaliana jinzi kwa sasa, nimempigia fundi wa Sinza, kasema Alhamisi ana nafasi, na pedi za viwiko nimemwachia za lile jaketi langu kubwa.